Kabla hujailaumu kamera: kasoro za picha za simu zinazoletwa kibandani Dodoma

Nina kibanda hatua chache kutoka Soko la Majengo. Nusu ya meza nasafishia picha, nusu nyingine nafungulia simu. Picha za harusi na kipaimara zina wapigaji wake wenye mikoba. Zinazonifikia mimi ni zile ambazo mtu alizipiga kwa sababu moyo ulifurahi ghafla: paka kalala kwenye beseni la nguo zilizofuliwa, sahani ya chipsi mayai siku ya mshahara, mtoto na kichala cha zabibu kikubwa kuliko uso wake, Mlima Simba umepigwa na jua la jioni. Mwenyewe atakwambia ni "picha za kawaida tu". Zikiharibika, anakuja kanuna kama aliyeibiwa.

Neno la kwanza huwa lilelile: "Fundi, kamera imekufa, nibadilishie." Mara nyingi haijafa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mwenye simu akikosa picha husingizia kamera. Ingawa hapa Dodoma, nikiri mapema, jua nalo lina kesi ya kujibu.

Nimezipanga kwa dalili, kwa maneno mnayoyatumia wenyewe mkifika. Sababu inayotokea sana ndiyo inatangulia. Ianze hiyo kabla hujafungua pochi.

"Picha zote zina ukungu"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, hasa kuanzia Juni upepo unaposhika kasi mpaka mvua zianze mwishoni mwa mwaka.

Sababu ya kwanza ni uchafu juu ya kijicho cha kamera. Simu inatoka mkononi mwa mtu aliyetoka kupaka mafuta, inaingia kwenye pochi yenye maganda ya karanga, kisha inapita kwenye vumbi la Nkuhungu juu ya bodaboda. Mafuta yanashika, vumbi linanata. Kuipima ni rahisi: usiku elekeza kamera kwenye taa ya barabarani. Taa ikiota mkia mrefu wa mwanga, au ikisambaa kama imepakwa kwa kidole, kioo ni kichafu.

Ila usianze kwa kusugua. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ukisuguliwa juu ya kioo unachora. Shika simu kijicho kikitazama chini, igonge mgongoni taratibu, kisha pitisha brashi laini. Ile ya rangi ya watoto wa shule, ikiwa mpya, inatosha. Baada ya hapo futa kwa kitambaa cha miwani au kipande cha fulana ya pamba iliyofuliwa, kikiwa na unyevu kwa mbali. Pindo la kanga lililofagia njia nzima kutoka sokoni si kitambaa cha kamera. Petroli pia hapana, na msiniulize kwa nini nimelazimika kuliandika hilo.

Sababu ya pili ni protekta ya kamera, kale kakioo ka kubandika. Ikiwa ya bei ya chini, baada ya muda vumbi linaingia chini yake, halafu mwanga unagonga kati ya vioo viwili na kuzaa madoa meupe. Ibandue, piga picha ileile tena. Kijana mmoja alikuja na pesa ya kamera mpya kabisa mkononi. Nikabandua protekta kwa ukucha, nikamrudishia simu. Akampiga picha paka wangu anayelala juu ya printa, akaitazama, akaikuza mpaka sharubu zikahesabika, akaniuliza anadaiwa ngapi. Nilimwambia anywe chai aende.

Ya tatu ni unyevu ndani. Huu unaonekana kama pumzi iliyoganda chini ya kioo, na hata ukifuta nje hautoki. Zima simu, iache kivulini mahali pakavu penye hewa. Usiianike juani, wala usiizike kwenye mchele. Apple wenyewe huwaonya wateja wao kuhusu mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuharibu simu. Ukungu ukibaki zaidi ya siku moja, maji yameingia kweli. Usiichaji. Peleka kwa fundi siku hiyohiyo, maana kutu haisubiri mwisho wa mwezi.

Ya nne, kioo kimepasuka. Hapa mwulize fundi kama kilichopasuka ni kioo cha nje tu au na lenzi iliyo chini yake. Cha nje kinabadilishwa peke yake kwa bei ya afueni, na fundi asiye mwungwana hatakwambia. Usikichokonoe mwenyewe kwa sindano: ukiteleza nusu milimita umegusa lenzi, na hapo ndipo utahitaji kweli ile kamera mpya.

"Paka ametoka na vichwa viwili"

Kama si yeye, basi mbwa ana mikia mitatu na kuku hana miguu. Kamera haina ugonjwa hapa. Ni mwanga mdogo umekutana na mnyama asiyetulia.

Ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa pazia kwa ajili ya vumbi, simu inakosa mwanga, kwa hiyo inajipa muda mrefu wa kuukusanya. Ikikaa wazi kwa sekunde 1/15, paka akigeuza kichwa katika muda huo, kichwa kinaandikwa mahali pawili. Kumkamata akicheza unahitaji 1/250 au kasi zaidi, na kasi hiyo simu haikupi mpaka uipe mwanga. Kwa hiyo kabla ya setingi yoyote, fungua pazia. Au sogea mlangoni. Mlango wa nyumba ya Dodoma saa tatu asubuhi, jua likiwa nje na wewe ukiwa ndani ya kivuli, ni studio kamili ya bure: mnyama akae hatua moja ndani ya kizingiti, wewe ukae na mgongo upande wa nje.

Bado anachezacheza? Bonyeza kitufe cha kupigia na usikiachie. Simu nyingi hutoa picha mfululizo (nyingine zinataka ukivute pembeni). Katika ishirini utapata moja. Futa kumi na tisa papo hapo, vinginevyo utanirudia na ile dalili ya nafasi kujaa.

Hali ya usiku izime kabisa. Ile inashona picha kadhaa kuwa moja kwa sekunde nzima au zaidi. Inafaa kwa msikiti wa Gaddafi, ambao hauna desturi ya kukimbiza panya.

Kumfanya akutazame: shika dagaa mmoja kando ya kijicho cha kamera, si juu ya kichwa chako. Shuka chini mpaka macho yako yalingane na yake. Watu wazima wanaona aibu kulala kifudifudi uani, nawaelewa, lakini picha ya mbwa iliyopigwa kutoka juu ni picha ya mgongo. Na mjue saa zake. Paka wangu hunyoosha mwili kila anaposikia shata la duka la jirani likipandishwa. Nikilisikia nami nakuwa tayari. Hiyo hailetwi na simu ya bei yoyote.

Sasa onyo la watu wa mji wa zabibu. Mbwa akikutazama vizuri, mkono unavutwa kumpa chochote kilicho mezani, na hapa mezani pana zabibu, mbichi au kavu. Usimpe. Zabibu zinaweza kuua figo za mbwa, hata chache, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa kila mbwa. Chokoleti na vitunguu pia ni sumu kwake. Akishakula, usikae kusubiri kuona kama atatapika. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo umwambie amekula kiasi gani na lini.

Na simama mara moja mbwa akilaza masikio nyuma, akigeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, akilamba midomo bila chakula, au akikakamaa. Hapo anakuomba uondoke, na kumkumbatia ili "apendeze na mtoto" ndiko kunakozaa kidonda. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule dalili zikishaanza karibu haponi mtu. Mbwa kuwa wa jirani mnayemfahamu si kinga.

"Macho yanawaka kijani"

Flashi. Paka na mbwa wana tabaka linalorudisha mwanga nyuma ya jicho, ndilo linalowasaidia kuona gizani, nalo flashi inalipiga moja kwa moja. Zima flashi, washa taa ya chumba, msogeze mnyama chini yake. Basi.

Ila kuna jambo la pembeni ambalo ni zito kuliko dalili yote. Mtoto wa binadamu akipigwa flashi, mboni hutoka nyekundu, na hiyo ni kawaida. Ikiwa mboni moja inatoka nyeupe au ya njano kama ya paka, na inajirudia katika picha kadhaa, usiniletee mimi niifute. Inaweza kuwa pembe ya mwanga tu, lakini pia inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa inatibika. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo, na picha uende nazo.

"Mbwa mweusi katoka kama tundu"

Mzee mmoja kutoka upande wa Mvumi aliingia, akanisalimu "Mbukwa", nikamwamkia, kisha akaweka simu mezani taratibu kama anaweka yai. "Mjukuu, huyu ni mbwa wangu. Miaka tisa tunachunga naye. Angalia mwenyewe." Niliangalia. Ukuta mweupe uliopakwa chokaa, jua kali, na katikati doa jeusi lenye ulimi.

Simu inapenda wastani. Ikiona ukuta unaong'aa inapunguza mwanga wa picha nzima, na mbwa mweusi anazama. Kinyume chake paka mweupe kwenye sakafu nyeusi anaungua kuwa kama maziwa yaliyomwagika, hana pua wala sharubu. Dawa ni kugusa kioo juu ya mnyama mwenyewe, kisha pale panapotokea alama ya jua, kuburuta kidole juu kuongeza mwanga kwa mweusi, chini kupunguza kwa mweupe. Ukuta nyuma utafifia, uache ufifie. Afadhali zaidi, mwondoe ukutani umpeleke chini ya mti, kivuli kilicho wazi, ambako manyoya meusi yanaonyesha ule mng'ao wake wa kahawia.

Tulitoka nje na babu tukajaribu kwa paka wa printa, ambaye kwa bahati ni mweusi. Wiki iliyofuata alirudi na picha tatu. Ya tatu mbwa alikuwa amefumba jicho moja. Hiyo ndiyo aliyotaka isafishwe.

"Chipsi zimetoka za bluu"

Angalia juu. Umekaa chini ya mwamvuli wa bluu au turubai la kijani, jua linapita humo, na kila kilicho chini kinapakwa rangi. Jicho lako limeshazoea, kamera haijazoea. Hii ndiyo sababu ya kwanza mchana, na haina setingi inayoiponya vizuri: beba sahani mpaka ukingoni mwa kivuli, mwanga usiochujwa unapoanza. Mwenye kibanda atakushangaa kidogo. Atazoea.

Usiku sababu inageuka. Bomba la taa nyeupe upande mmoja, moto wa mkaa upande mwingine, na simu haijui imwamini nani. Kaa mahali ambapo taa moja ndiyo inayotawala. Kama programu yako ina sehemu ya kurekebisha weupe, elekeza kwenye karatasi nyeupe chini ya taa hiyo, rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, halafu piga mishikaki.

Chakula kinatoka hakina fokasi kwa sababu umesogea mno. Kamera kuu za simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko kama sentimita 10, na nyingine zinataka zaidi. Rudi nyuma kidogo, vuta karibu mara 2, gusa kitu unachotaka kionekane. Ile hali ya kutia ukungu nyuma nayo iwe na kiasi, maana inakata kijiti cha mshikaki katikati na nyama inabaki inaelea.

Vitu vyekundu sana, kama ubuyu uliotiwa rangi, hutoka bonge moja lisilo na mbegu. Punguza mwanga kidogo kwa kuburuta kidole chini, chembe zitarudi. Barafu ya ukwaju ipige haraka, kwa joto letu ina dakika chache za uzuri.

Na mlenda. Nauzungumzia kwa sababu kila anayejaribu anakata tamaa: ukiupiga kutoka juu unatoka kama tope. Uzuri wa mlenda uko kwenye utelezi wake, na utelezi unaonekana kwa mwanga wa ubavuni tu. Weka bakuli karibu na dirisha, dirisha likiwa kushoto au kulia kwako. Inama mpaka kamera iwe juu kidogo ya ukingo wa bakuli. Mwombe mtu achovye tonge la ugali alinyanyue polepole. Ule uzi unaovutika kati ya tonge na bakuli utashika mwanga kama waya wa shaba, na karanga zilizopondwa zitaonekana zimening'inia ndani yake. Piga mfululizo. Utapata mara moja kabla uzi haujakatika, na tonge likipoa mlaji naye atagoma.

Moshi wa nyama choma ukipita mbele, picha inapauka; hama upande unakotoka upepo. Mvuke wa supu ukiganda kwenye kijicho, rudia dalili ya kwanza.

"Mistari inatambaa kwenye picha"

Ni taa, si kamera. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei ya chini zinawaka na kuzima mara mbili ya mdundo huo bila jicho kuona. Kwenye setingi za kamera tafuta sehemu ya kuzuia kupepesa kwa taa (anti-flicker), weka hertzi 50. Ukiikosa, sogea kwenye taa nyingine. Mistari ikibaki hata nje mchana kweupe, hapo kihisi cha kamera kina hitilafu na safari ya kwa fundi ni halali.

"Mji umepauka"

Hapa ndipo jua linaposimama kizimbani. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita karibu utosini kabisa. Na kwa kuwa tuko magharibi mwa mstari unaotumika kupangia saa za Afrika Mashariki, utosi wake haufiki saa sita kamili bali kama saa sita na nusu na zaidi. Anayepiga picha ya Nyerere Square muda huo anapata lami nyeupe, watu wenye mashimo meusi badala ya macho, na anga lisilo na rangi.

Ngoja saa kumi na moja jioni. Miamba ya Mlima Simba inapata mikunjo, kuta za udongo za nje ya mji zinashika wekundu, na hata vumbi lililonyanyuliwa na bajaji linageuka kuwa pazia la dhahabu, mradi jua liwe nyuma yake. Usichelewe: kwetu jua likishazama giza linaingia upesi, halikai kubembelezana. Asubuhi kabla ya saa mbili ni nzuri vilevile, na baada ya mvua ya usiku hewa inakuwa imeoshwa mpaka vilima vya mbali vinaonekana vimekatwa kwa wembe. Kama lazima upige mchana, tafuta vitu vidogo vivulini: mpangilio wa nyanya Majengo, viatu mlangoni, mzee wa kahawa na bao lake. Mwombe kwanza.

Baada ya treni ya umeme kuanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nilipokea picha nyingi za dirishani zenye uso wa mpigaji katikati ya mashamba. Gusanisha simu na kioo, funika pembeni kwa kiganja au kitenge, uso utaondoka.

Onyo moja halihusu mwanga. Huu ni mji wa serikali. Kambi za jeshi na maeneo mengine ya ulinzi hayapigwi picha bila ruhusa, hata kama ulichokuwa unapiga ni ua la mbele yake. Ukiona geti lenye askari, uliza, na ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni. Sina setingi ya kukusaidia hapo.

"Picha inatetemeka yenyewe"

Umeweka simu mezani, hujaigusa, na kilicho kwenye kioo kinacheza kama maji. Pengine unasikia mlio mdogo wa kugongagonga. Wanaoniletea hii wengi ni vijana wa bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani kwa ajili ya ramani.

Ondoa kwanza kava lenye sumaku au kishikio cha sumaku, jaribu tena. Kisha zima na uwashe. Ikiendelea, kile kifaa kidogo kinachotuliza lenzi mkono ukitikisika ndicho kimelegea. Apple walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kukiharibu, na simu nyingine zenye kutuliza lenzi zina mtambo wa namna hiyohiyo. Hakirekebishwi kwa kupigapiga simu kiganjani, ingawa naona watu wanavyojaribu. Hapa kweli ni kubadilisha kamera. Uliza kama kifaa ni halisi, na ukishabadilisha weka simu mfukoni, au ununue kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo.

"Kamera haifunguki, kioo cheusi"

Anza na protekta au kava lililoteleza likaziba kijicho, msicheke, hutokea. Kisha funga programu zote, maana ile ya simu za video huenda bado imeishikilia kamera. Zima, washa. Hakikisha programu ya kamera imeruhusiwa. Futa kumbukumbu zake za muda. Jaribu ya mbele: ikifanya kazi na ya nyuma haifanyi, na simu ilianguka siku za karibuni, waya wa ndani umechomoka au kamera imekufa. Kuirudisha simu kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani (factory reset) ni hatua ya mwisho, na kabla yake hamisha picha zote.

Mchana wa Oktoba kuna sababu nyingine: simu imechemka. Apple, kwa mfano, wanataja nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la kutumia simu zao, na juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani joto linapita hapo kwa mbali. Itoe kwenye kava, iache kivulini. Usiitie kwenye friji. Ikitoka huko inatokwa jasho kwa ndani.

Mgongo wa simu ukiwa umenyanyuka, au kioo kimeachana na fremu, betri imevimba. Acha kila kitu. Usichaji, usiibane irudi, usiitoboe, usilale nayo. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, ipeleke kwa fundi. Betri ya namna hiyo ikitobolewa inawaka, na maji ya beseni hayatakutosha.

"Nafasi imejaa" na ndugu yake "picha zimepotea"

Nafasi kwa kawaida haijaliwa na paka wako bali na video za makundi ya WhatsApp. Ingia kwenye setingi zake, sehemu ya kusimamia hifadhi, anza na faili kubwa. Memori kadi inayodai GB 512 kwa bei ya soda mbili ni ya uongo: inajaa kimyakimya, kisha inaandika picha mpya juu ya za zamani.

Zilizofutwa tazama kwanza kwenye kapu la takataka la galari; simu nyingi huziweka humo siku 30. Kama hazimo, au kadi imegoma kusoma, usipige picha nyingine hata moja na usikubali simu ikikuomba kuifomati kadi. Kila faili mpya linakalia nafasi ya lililopotea. Itoe kadi, ipeleke kwa mtu anayerudisha data, mwambie ulichofanya bila kuficha.

"Ukisafisha, masikio yanakatwa"

Lawama hii naipokea kwa niaba ya printa zote za mji. Picha ya simu kwa kawaida ina umbo la 4 kwa 3. Karatasi yetu ya inchi 4 kwa 6 ni ndefu zaidi. Nikiijaza karatasi, nusu inchi ya picha lazima iende, robo kila upande, na mbwa aliyejaza fremu mpaka ncha za masikio anazipoteza. Ukipiga simu ikiwa imelala, acha hewa juu na chini; ikiwa wima, kushoto na kulia. Au niambie niache kingo nyeupe, nitaacha.

Karatasi hiyo inataka kama nukta 1200 kwa 1800 ili itoke safi. Picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp inakaribia hapo, inapita. Ile uliyoipata kwa kupiga picha ya kioo (screenshot) kwenye stetasi ya shemeji, yenye maandishi na mioyo juu, haipiti hata nikiibembeleza. Mwombe akutumie halisi kama hati, si kama picha, na njoo nayo kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nakuwa nje na simu yangu.